Upande wa Kushoto Umenyamaza

9 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Kabla hujauliza, tu wazima. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anasema usiache kula asubuhi, kana kwamba mimi ndiye niliyekufundisha kushinda na njaa. Mama yako alipita hapa juzi na nyanya za kwenye madebe yake, akakaa kidogo, akanigombeza kwa jambo nisilolikumbuka, akaondoka amefurahi. Dada yangu huyo akinigombeza ndipo najua hana homa.

Kompyuta uliyoniachia nayo inakusalimu. Yule msomaji wake, ile sauti inayonisomea maandishi, ambaye namwita Bwana Pua kwa sababu anasoma kila kitu kama mtu mwenye mafua, bado ananisomea barua zako kwa sauti ya kutangaza msiba, hata pale unapoandika vichekesho. Nacheka baadaye, peke yangu, nikishazitafsiri kichwani.

Sasa nina malalamiko, na mshtakiwa ni wewe. Ni wewe uliyeshikilia nikubali ule mfumo mpya wa kompyuta. Nilikwambia tuache, wa zamani haujanikosea kitu. Ukasema hapana mjomba, utabaki nyuma, ni bure, bonyeza tu. Basi nimebonyeza, na Nyumba ya Kengele imeharibika. Upande wa kushoto umenyamaza.

Wewe unajua mchezo ule kwangu ni nini. Hauna picha hata moja. Mwenye macho na asiye na macho wote wako gizani, wanaenda kwa masikio, wanatafuta kengele na kumkwepa mlinzi. Mle ndani mimi siye mzee kipofu wa nyumba ya mwisho. Mimi ni Popo, na watu wa nchi nisizozijua wananifuata nyumanyuma niwavushe. Juzi tulikuwa ghorofa ya nne. Mlinzi anatembea na funguo zake, namsikia vizuri kabisa, lakini akifika kushoto kwangu funguo zinazimika kama amezimeza. Nikakamatwa. Nikarudi, nikakamatwa tena. Yule mwalimu wa hisabati aliyeutengeneza mchezo akaniandikia, "Popo, leo umesinzia?" Niliona aibu mwanangu, mpaka nikazima mashine.

Usinipigie simu. Mtandao wa huku siku hizi ni wa kubabaisha, nasikia nusunusu. Na baada ya maisha yote kwenye swichibodi ya kampuni, nikiunganisha simu za watu wanaonuniana, simu zimenikinaisha. Andika.

Mjomba wako,
Popo aliyekatwa bawa

16 Februari

Shikamoo mjomba,

Nimefurahi kusikia mama anagombeza. Mimi nipo, na meno yapo. Wiki hii maabara yetu ya meno ya bandia imepata kazi za madaktari wawili wapya, kwa hiyo tangu asubuhi nachanganya plasta, nachonga nta, nang'arisha meno ya watu ambao sitawahi kuwaona wakicheka. Unga wa plasta umeniingia puani mpaka nazungumza kama Bwana Pua wako. Jirani yangu wa meza ya kushoto amemwomba bosi dirisha lifunguliwe, na bosi amesema atalifikiria, maana yake limefungwa mpaka kiama.

Mjomba, nimesoma barua yako nikajisikia vibaya sana. Ni kweli mimi ndiye niliyekusukuma. Kwenye mfumo mpya wamebadilisha sehemu yote inayochukua sauti na kuipeleka kwenye spika na hedifoni, na mimi sikuwaza kwamba mabadiliko hayo yangekugusa wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Wenye macho sauti ikipungua wanaona picha. Wewe unabaki na nini?

Tatizo la programu hizi huria ni kwamba hazina ofisi ya malalamiko. Huwezi kwenda kupiga meza ya mtu. Mmoja ameandika kipande hiki akitoka kazini, mwingine kile usiku watoto wakilala, na wote hawalipwi. Lakini nimeandika ripoti ya hitilafu kwenye jukwaa lao, kwa kichwa ulichokisema wewe mwenyewe: upande wa kushoto umenyamaza. Mwalimu amejibu kabla sijafunga ukurasa. Amesema sikio la Popo haliwezi kukosea, basi kosa lazima liwe kwao. Na kuna jamaa mmoja anayeitunza sehemu ya sauti, fundi mitambo wa lifti kwa kazi yake ya kawaida, naye ameahidi kuangalia.

Anza na hili: ndani ya mipangilio ya sauti kuna mahali pa kusawazisha kushoto na kulia. Bwana Pua akusomee pamesimama wapi. Na jaribu spika, tusikie kama ni hedifoni tu. Kisha nijibu upesi.

Mpwa wako,
Chiriku

20 Machi

Mwanangu,

Najua nimechelewa. Kwanza paa la jikoni lilivuja, ikabidi fundi aje, na fundi wa huku akija anakuja na maneno mengi kuliko misumari. Halafu nikajigonga kwenye kabati, si kitu, bega tu, na mkaza mjomba wako amelichua kwa dawa inayonuka mpaka paka wa jirani amehama. Usimsumbue mama yako kwa habari hiyo. Yeye akisikia bega atasikia jeneza.

Nimefanya ulivyosema. Bwana Pua anasema kushoto na kulia viko sawasawa, hamsini kwa hamsini, hakuna aliyedhulumiwa. Spika nimejaribu. Kwa spika sauti inaenea chumba kizima, huwezi kupima. Kushoto bado kimya, au tuseme siyo kimya kabisa, ni kama mtu anazungumza nyuma ya godoro.

Mpe Mwalimu salamu zangu na yule fundi wa lifti pia. Nimemwomba Bwana Pua anisomee maandishi yao yote kule jukwaani, hata yale nisiyoyaelewa, na nimeyasikiliza kama taarifa ya habari. Watu hawanijui, hawajawahi kunipa mkono, na wanabishana kwa ajili ya sikio langu la kushoto! Pale kazini nilikaa miaka na miaka, na bosi alikuwa akisalimia kiti.

Niulizie jambo moja. Je, kuna wengine waliopatwa na hili baada ya kubadilisha mfumo? Nitafurahi wakiwepo. Si kwa ubaya, unanielewa.

Mjomba wako

27 Machi

Shikamoo mjomba,

Pole na bega. Kabati gani hilo? Nyumba hiyo umeishi tangu mimi sijazaliwa, unaijua kuliko mfuko wako. Au mkaza mjomba amehamisha vyombo?

Huku baridi imepungua na dirisha letu limefunguliwa, si kwa huruma ya bosi bali kitasa kimevunjika. Nimepewa kazi ya kurekebisha meno ya bibi mmoja aliyeyakalia. Amesema aliyaweka kwenye kiti kwa sekunde moja tu. Nimecheka mpaka machozi, kisha nikaanza kuyaunganisha kipande kwa kipande.

Haya, tuingie kwenye mambo yetu. Hapana mjomba, hakuna mwingine. Nimeuliza jukwaa zima, na wasioona wanaotumia mfumo huu ni wengi kuliko nilivyodhani. Wamelalamikia mengine mengi, msomaji kukwama, vitufe visivyosomeka, dirisha la kuingilia lisilosema neno, lakini kushoto kwao kunasikika. Fundi wa lifti ametafuta kompyuta ya aina ya kwako, kuukuu kama yako, akaweka mfumo wa zamani, kisha mpya, kisha wa zamani tena. Mwalimu amenunua hedifoni kama zako zilezile. Amesema mke wake anauliza Popo ni nani anayemaliza Jumapili zao. Wote wawili hawapati kosa.

Sasa Mwalimu ameomba kitu kidogo sana, na nashangaa sikukifikiria mimi. Geuza hedifoni. Ya kushoto ivae sikio la kulia, ya kulia ivae la kushoto, kisha ucheze. Kimya kikihamia upande mwingine, basi ni waya au programu, na watajua pa kuchimba. Kisipohama nijulishe pia.

Nilipiga simu Jumapili. Mkaza mjomba akasema umelala. Mchana wote ule, mjomba? Wewe uliyekuwa ukisema kulala mchana ni kazi ya paka?

Chiriku

2 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Huyo bibi aliyekalia meno amenifurahisha wiki nzima. Nimemsimulia kila aliyepita hapa, na kila nikisimulia naongeza chumvi kidogo; sasa hivi alikuwa kanisani, kesho nitamweka harusini. Tafadhali mrekebishie vizuri.

Mama yako anaendelea salama. Binamu yako mkubwa amepata uhamisho wa kazi, amehama na kitanda chake na deki ya muziki ya mkaza mjomba wako, ambayo anadai alipewa. Kuna vita. Nyumba ya jirani wamejenga ukuta mpya, mrefu, na tangu ukuta huo usimame siisikii tena barabara vizuri kama zamani. Ukuta unabadilisha sauti sana, watu hawajui.

Toleo jipya la mchezo ambalo Mwalimu alinitumia nimelipokea. Ameongeza nguvu ya sauti upande wa kushoto, siyo? Nimejaribu. Imesaidia kidogo. Naam, imesaidia. Mwambie asante sana, na amwombe radhi mkewe kwa niaba yangu. Nadhani sasa inatosha, wanaweza kupumzika. Watu wana maisha yao.

Ni hayo tu kwa leo. Bwana Pua amekauka koo.

Mjomba

30 Mei

Mjomba shikamoo,

Leo sina habari za meno.

Uliandika imesaidia. Nilimwambia Mwalimu, na alifurahi mtu mzima yule mpaka akaandika kwa herufi kubwa tupu, nikahisi anapiga kelele darasani. Fundi wa lifti akasema atalala vizuri. Jumamosi nikawahi kutoka kazini, nikavaa hedifoni, tukaingia wote Nyumba ya Kengele, ghorofa ya nne, kama zamani.

Mle ndani nilikupigia kofi kutoka kushoto kwako. Unakumbuka ndivyo tulivyokubaliana, kofi moja maana yake nipo hapa, njoo. Ulisimama. Nikapiga tena. Ukageuka ukaenda kulia, mbali na mimi, ukampa mlinzi ubavu wa kushoto, ukaingia moja kwa moja mikononi mwake. Mjomba, funguo zake zilikuwa zinalia hata mimi nazisikia, mimi unayenicheka kwamba nina masikio ya mapambo. Kisha ukaandika, "Leo nimechoka, usiku mwema," na ilikuwa saa kumi alasiri.

Nikampigia mama. Nilimbana. Amesema hakuna kabati. Amesema ulikuwa unavuka barabara pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mahali unapovuka kila siku, na mkokoteni wa mabati ukakugonga kutoka kushoto. Mwenye mkokoteni aliapa kwamba alipiga kelele tangu mbali, na watu wote dukani walimsikia. Mama amesema ulimwapisha asiniambie. Alipomaliza kusema alilia, na mimi niko huku nimeshika simu, naangalia ukuta wa chumba cha kupanga, siwezi kufanya chochote. Siwezi hata kukushika mkono tukavuka pamoja barabara moja.

Umegeuza hedifoni? Nimeuliza mara ya kwanza ukanijibu habari za deki. Mwalimu anauliza kila wiki, kwa adabu, anadhani tumesahau. Mimi sidhani tumesahau. Nijibu neno moja tu, lolote.

Mpwa wako

11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sikuitikia salamu zako barua zilizopita, nimegundua hilo Bwana Pua alipozirudia kunisomea. Nilikuwa nakimbilia mwisho nisikie kama umeuliza.

Niligeuza. Niligeuza siku ileile ya kwanza, mwezi wa pili, kabla sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilikaa kwenye swichibodi maisha yangu yote, Chiriku. Sikio likileta wasiwasi opereta hana haja ya kufundishwa, anabadilisha upande. Nilivaa ya kushoto kulia, na ya kulia kushoto. Mlinzi akaja na funguo zake nzima, safi, kila moja na mlio wake, sikio la kulia. Na vile vyote vilivyokuwa kulia vikafa. Kimya hakikuhama na waya. Kilibaki palepale.

Nilikaa nimeshika zile hedifoni mkononi. Mkaza mjomba wako akaniuliza mbona sichezi, nikamwambia mchezo umeharibika. Ilinitoka tu. Na nilipoisikia imetoka, niliipenda. Nikasema hebu na iwe hivyo. Mfumo mpya umeingia wiki hiihii, nani atabisha? Nikakuandikia.

Usifikiri nilitaka kukutwisha mzigo. Nilitaka liwe kosa la kompyuta, basi. Kompyuta ina watu. Ukilalamika, mwalimu wa hisabati anaacha Jumapili yake, fundi wa lifti anafufua mashine kuukuu, mpwa wako anakuandikia ripoti. Sikio nililalamikie kwa nani? Kila walipoandika kwamba wanaendelea kutafuta, nilikuwa nasikiliza maneno yao na nusu yangu inaamini kwamba watapata. Mtu mzima kama mimi. Nilikuwa nakwenda kulala nikisema labda kesho Mwalimu atagundua mstari aliokosea.

Kuhusu simu, sasa unajua. Nimezoea kushoto tangu kazini, mkono unaenda wenyewe. Nikiweka kushoto sisikii, nikihamisha kulia mkaza mjomba wako ataona. Nikaona heri nilale mchana kama paka.

Mama yako amenipeleka kwa daktari wa masikio. Walinifungia kwenye kijichumba chenye kuta za sponji, wakanipa kitufe, wakaniambia nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilisubiri sana mle ndani. Nikaanza kubonyeza kwa kubahatisha, nikidhani labda nitapatia, kisha nikaona haya nikaacha. Daktari akasema ni mshipa wa fahamu, umechoka, na hakuna dawa wala upasuaji wake. Nikamuuliza, na wa kulia? Nikamsikia akipanga karatasi. Nikamwambia daktari, mimi sikuoni uso, itabidi useme kwa mdomo. Akasema wa kulia unamfuata mwenzake, ila polepole. Polepole kiasi gani? Hajui.

Tulipofika nyumbani nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia mkaza mjomba wako. Kumbe hana la kuambiwa. Ndipo nikagundua kwamba ana muda mrefu sasa, mezani anakaa kulia kwangu. Alihamisha kiti chake, na mimi mjuaji wa sauti zote sikuliona.

Mwambie Mwalimu mchezo wake hauna kosa. Wafunge ile ripoti, wasiendelee kujitesa. Mimi siwezi kuwaandikia. Nimejaribu mara nyingi, nafika kwenye jina langu naishia hapo.

Mjomba wako

19 Julai

Mjomba wangu, shikamoo,

Barua yako niliisoma kazini, nimesimama kwenye mashine ya kung'arishia. Jirani yangu alinizimia mashine kwa sababu mimi nilisahau kwamba inazunguka. Alichukua meno niliyokuwa nimeyashika akayamalizia yeye.

Nimekwenda kwa bosi kuomba ruhusa. Ruhusa yeye hana shida nayo. Shida ni kibali changu cha kuishi huku. Kinashughulikiwa upya, na nikitoka kabla hakijarudi siruhusiwi kuingia tena. Nilikwenda ofisi ya uhamiaji. Nikapanga foleni, nikamweleza dada wa dirishani, naye alikuwa mpole kweli, angekuwa mkali ningejua la kufanya. Akasema subiri. Nikamuuliza mpaka lini, akageuza kompyuta yake nione mwenyewe kwamba hakuna tarehe. Mjomba, mimi nasubiri huku na wewe unasubiri huko, na hakuna hata mmoja wetu anayejua anasubiri muda gani.

Nimeangalia kila kona ya mfumo huu. Ndani ya mipangilio kuna mahali panapochanganya kushoto na kulia vikawa kitu kimoja, sikio moja likapata vyote. Nimekuandikia chini namna ya kupafikia. Utamsikia mlinzi kila anapokwenda. Sitakudanganya: hutajua yuko wapi. Na kwa baadaye, kwa hiyo siku nyingine ambayo sitaki kuiandika, kuna kifaa cha nukta nundu, kinachukua maneno ya Bwana Pua na kuyainua chini ya vidole. Mfumo wetu unakitambua. Natafuta kilichotumika, nimeshaweka tangazo jukwaani, usiniulize bei.

Kwa mchezo wenyewe ilibidi nimwambie Mwalimu. Nisamehe. Nilimuuliza kama Nyumba ya Kengele inaweza kuchezwa kwa vidole. Yeye anayejibu kabla sijafunga ukurasa alichukua karibu wiki nzima. Kisha akaandika mstari mmoja, "Nimejaribu kila njia ninayoijua. Samahani, Popo." Ripoti nimeifunga mimi mwenyewe. Jukwaa linakudai uchague sababu, na hakuna niliyoiona inafaa, nikachagua "Si kosa la programu." Fundi wa lifti hajui lolote. Aliona imefungwa akaweka alama ya kidole gumba juu, akaandika, "Safi sana!"

Niambie nifanye nini. Chochote, hata kiwe cha kipuuzi.

Chiriku wako

2 Agosti

Mwanangu,

Kwanza usilie kwenye meno ya watu, yataoza kabla hayajavaliwa.

Kibali kitatoka kitakapotoka. Usifanye ujinga ukakimbia huko ukaja kukaa hapa umenishika mkono, wote wawili hatuna kazi. Mkaza mjomba wako ananivusha barabara siku hizi. Ana mwendo wa askari, nafika dukani natweta.

Nimechanganya sauti ulivyonielekeza. Usiku wa kuamkia jana niliingia Nyumba ya Kengele peke yangu. Ulisema kweli: nilisikia kila kitu, kengele, funguo, milango, maji yanayodondoka ghorofa ya nne, vyote vimerudi, vyote vimesongamana mahali pamoja kama watu kwenye lifti. Sikupiga hatua. Ningekwenda wapi? Nilisimama mlangoni nikasikiliza tu. Nilikuwa sijawahi kusimama mle ndani, siku zote nilikuwa na haraka ya kushinda. Mlinzi alikuja, funguo zikakua, zikakua, nikajua ananijia ila sijui kutoka wapi, na nikaogopa, Chiriku. Niliogopa kweli, kwa mara ya kwanza tangu nianze mchezo ule. Alinikamata nimesimama. Nikazima. Sidhani nitarudi.

Mwalimu mwambie asiombe samahani. Fundi wa lifti muache na furaha yake, amefanya kazi nzuri, anastahili.

Umeuliza ufanye nini. Nimekaa nalo wiki nzima, na ninalo moja. Simu tutapigiana, sasa sina cha kuficha, lakini simu ikikatwa imekatwa. Nataka unirekodie sauti yako. Mimi sina uso wako hata wa kuukumbuka; wewe kwangu ni sauti tu, tangu ulipozaliwa ukilia kuliko watoto wote wa wodi ile. Daktari amesema polepole, basi nataka kuutumia muda huo kuikariri, niirudie na kuirudia mpaka itakapokaa yenyewe bila mashine. Soma chochote. Soma magazeti, nisomee majina ya meno, mgombeze bosi wako. Usiimbe, hujui kuimba. Cheka mahali fulani, ila usiniambie ni wapi.

Soma taratibu, mdomo karibu na kinasa sauti. Na ukimaliza, iweke yote upande wa kulia. Kushoto usijisumbue.

Mjomba wako